Udongo wa Mbuga Mlangoni

Tlawi, Mbulu
4 Machi 1984

Ndugu Gidabuday,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua wewe si mtu wa kanisa, lakini mimi barua siwezi kuianza kwa namna nyingine, kalamu yenyewe inakataa.

Nakuandikia kukushukuru. Siku ile mlipomleta mume wangu Nikolausi kwa lori la shamba, sikuwa na mdomo wa kusema asante. Nilikuona umesimama kwenye uzio na fimbo yako, umekataa kukaa, umekataa hata uji. Watu wakaniuliza, "Yule Mbarabaigi ni nani?" Nikawaambia ni mlinzi wa shamba la ngano kule Balangdalalu alikokuwa akiendesha trekta, na kwamba Nikolausi hakuwahi kuja likizo bila kukutaja.

Tumemzika vizuri, kwenye makaburi ya kanisa. Ila kuna jambo dogo linanisumbua, usinione mchoyo. Kofia yake ya sufu haikuja. Ile ya kahawia niliyomfumia mwenyewe, yenye buluu utosini kwa sababu sufu ya kahawia iliniishia. Koti lilikuja, mabuti yalikuja, chupa ya chai ilikuja. Kofia hapana. Kichwa chake tumekizika kitupu, na baridi ya Tlawi wewe mwenyewe uliiona. Kama kuna dereva aliyeichukua, mwambie sina hasira, airudishe tu.

Jambo jingine ni dogo zaidi. Juzi asubuhi nilikuta udongo mweusi mlangoni. Udongo wa mbuga, ule wa kwenu, unaonata ukilowa na kupasuka ukikauka. Hapa kwetu udongo ni mwekundu, hata kucha za watoto ni nyekundu. Nikafagia. Leo umekuja tena. Nadhani ni yale mabuti yake niliyoyaweka karibu na mlango. Nimeyaosha.

Binti yetu Imakulata amerudi kazini Haydom, anafua mashuka ya hospitali. Ukipata mtu anayekwenda kule kutibiwa, mpe barua amkabidhi, naye atanitumia kwa basi.

Wako katika Kristo,
Kornelia, mama Imakulata


Balangdalalu
27 Machi 1984

Mama Imakulata, shikamoo.

Barua imefika. Mimi ni mtu wa kisomo cha watu wazima, naandika polepole kama punda anayepanda milima yenu. Utanisamehe.

Sikukaa siku ile kwa sababu nyumba ya msiba ina taratibu zake, na za kwenu sizijui. Uji nilikataa kwa sababu haukuwa na maziwa. Huo ni utani, mama. Ninyi mnalima hata kwenye ukuta, maziwa mtayatoa wapi.

Unastahili kujua alivyokufa, maana meneja alikuandikia mstari mmoja. Ilikuwa mchana, tunalima. Alisimamisha trekta, akashuka, akakaa kwenye majani kula chakula chake, mgongo ameegemeza kwenye kilima kidogo. Mama yangu alipita na ndama, akamsalimia. Kimya. Mama akasema, "Huyu hajawahi kuninyima salamu," hapo hapo akajua. Akamfumba macho, akamfunika kwa vazi lake mwenyewe la ngozi. Hakuteseka. Chakula alikuwa hajakimaliza.

Kofia ipo. Haijaibiwa. Iko mahali pazuri.

Kuhusu udongo, usioshe mabuti tena. Niambie tu kama una majani ndani yake.

Gidabuday


Tlawi
24 Aprili 1984

Ndugu Gidabuday,

Kristo amefufuka! Marahaba, na asante. Nimeisoma ile sehemu ya mama yako hadi karatasi imelegea kwenye mkunjo. Hajawahi kuninyima salamu. Ni yeye kabisa. Mpe mama shikamoo yangu, na Mungu amlipe kwa kumfumba macho, kazi ile ilikuwa yangu.

Lakini habari ya kofia umenijibu nusu. Mahali pazuri ndiyo wapi? Sandukuni? Msumarini?

Umeuliza udongo. Ndiyo, una majani, mabichi, na unanuka samadi ya ng'ombe. Sasa nakuambia kitu ambacho hata Imakulata sijamwambia.

Nikolausi alipokuwa akija likizo alifika na tope la mbuga hadi magotini. Mimi namzuia mlangoni. "Simama hapo hapo! Usiingie na mbuga ndani ya nyumba yangu!" Naye anajibu, "Mbuga ndiyo inayokulisha, mwanamke." Basi anakaa kizingitini, naleta beseni la maji ya uvuguvugu, namwosha miguu. Anaanza kunihadithia, trekta gani limekufa, nani amegombana na nani, na ule mguu wake uliovunjika zamani naukanda taratibu. Padri huosha watu miguu Alhamisi Kuu peke yake. Mimi nilikuwa na Alhamisi Kuu yangu kila likizo, na mwaka mzima nilikuwa naisubiri.

Ndipo nikaelewa. Anakuja, anafika mlangoni, anasimama. Haingii kwa sababu nilimkataza.

Basi Alhamisi Kuu hii, niliporudi kanisani, niliweka beseni mlangoni. Nikasema, "Baba Imakulata, nawa uingie." Nikaenda kulala. Asubuhi maji yalikuwa meusi, na chini ya beseni limetuama tope zito kama uji wa ulezi. Ndani ya nyumba hakuna alama. Alinawa, hakuingia.

Jirani yangu Efrazia alinikuta namwaga. "We Kornelia, unafua makaa?" Nikasema nafua koti. "Koti halifuliwi kwenye beseni la miguu," akasema, akaenda zake. Efrazia hapitwi na kitu.

Siogopi, ndugu yangu. Nikuambie ukweli, naamka mapema kama msichana aliyeposwa. Udongo siutupi tena. Naukusanya kwenye debe la mafuta nyuma ya mlango, na debe linajaa. Mungu anisamehe kama ni dhambi. Usimwambie mtu.

Kornelia


Balangdalalu
20 Mei 1984

Mama Imakulata, shikamoo.

Ngano imefika kiunoni. Ng'ombe wetu wanaiangalia kwa mbali kama watoto wanaoangalia sahani ya mgeni, na mimi ndiye ninayelipwa kuwazuia.

Sitakuficha zaidi. Kile kilima alichoegemea ni kaburi la babu yangu. Sisi mzee wa heshima hatumfukii tukaondoka. Tunamjengea bung'eda, kilima cha udongo na samadi na majani. Kinaongezwa mwezi hadi mwezi, wanawake wanamwimbia, mpaka siku ya kukifunga juu. Baadaye hapo ndipo tunapokwenda kusema naye tukiwa na shida. Shamba la ngano lilipokuja, bung'eda nyingi zililimwa. Wazee walikwenda kusema, wakaambiwa warudi kesho. Ya babu yangu ilibaki kwa sababu ya mtu mmoja. Bosi alimwambia anyooshe mstari. Nikolausi akajibu, "Trekta langu usukani mbovu, likifika pale linakata kona lenyewe." Kila msimu usukani mbovu, na mahali ni pale pale. Tulicheka sana. Hakutuomba hata maziwa.

Basi alipofia pale, mzee wetu Gidahosh alisema: aliyelinda kaburi la baba ni mtoto wa baba. Mwili ni wa mke wake, mrudishieni. Mahali alipolala ni petu. Tukazika kofia yake pale, na majani mabichi, na maziwa. Tunamjengea ya kwake, ndogo, ubavuni mwa babu. Mama yangu na wanawake wanamwimbia kila jioni. Wanamwita kwa jina.

Sikukuandikia mapema kwa sababu niliogopa utasema ni ushenzi.

Sasa sikiliza. Udongo tunaoweka jioni, asubuhi umepungua. Tulidhani ni ndama, tukazungushia miiba. Miiba haikuguswa. Hakuna nyayo za kuja. Kuna za kuondoka tu, za mabuti, mguu mmoja unaburuta kidogo. Zinaelekea njia ya Haydom, zinafika barabarani, zinaisha. Na mabuti yake umesema yako kwako.

Kwa hiyo udongo wako naujua, mama. Ni wetu.

Kwa taratibu zetu wewe sasa ni shemeji yangu. Barua ijayo nitaandika hivyo, kama hukatai.

Gidabuday


Tlawi
3 Juni 1984

Gidabuday,

Nakataa.

Mume wangu alibatizwa. Amezikwa kwa misa, kwenye ardhi iliyobarikiwa. Nani aliwapa ruhusa ya kumwita? Mimi jioni nashika rozari namwombea apumzike, na ninyi jioni ile ile mnamwimbia aamke. Mtu mmoja anavutwa huku na huku kama ng'ombe wa kuazima! Ndiyo maana anatembea. Kutoka mbugani hadi Tlawi, kwa mguu ule, na mimi mjinga nafurahia matope.

Nilimwendea Padri. Aliniambia niwaandikie kwa upole. Upole nimeuacha njiani.

Acheni kuimba. Acheni kuongeza udongo. Fukueni kofia yangu mnirudishie.

Na mimi si shemeji yako.

Kornelia, mjane wa Nikolausi Tluway


Balangdalalu
17 Juni 1984

Mama Imakulata, shikamoo.

Mjane amesema, tumeacha. Mama yangu amekunja ngozi yake ya kuimbia. Mzee Gidahosh alisema "Haya," akaenda kwa ng'ombe wake.

Kofia hatuwezi kuifukua. Kilichowekwa chini pamoja na majani mabichi hakitolewi. Majani ni amani. Ukiyang'oa, unajua umeleta nini.

Gidabuday


Tlawi
29 Julai 1984

Ndugu Gidabuday,

Tumsifu Yesu Kristo. Sijui kama utaifungua hii. Ningekuwa wewe ningewashia moto wa chai.

Mlipoacha, udongo nao uliacha. Asubuhi ya kwanza nilisema, asante Mungu. Ya pili nikasema labda amechelewa. Beseni niliendelea kuliweka, na maji yanabaki safi, najiona uso wangu humo ndani, nao si uso nilioamka kuutafuta. Nikajituliza, amepumzika. Nikaomba misa ya shukrani.

Ndipo Imakulata akaja bila kutarajiwa. Hajavua hata aproni ya kazi. Kitu cha kwanza, "Mama, baba tulimzika kweli?"

Alikuwa akianika mashuka, anasema. Basi likafika, wagonjwa wakashuka, wa machela kwanza, kisha wa kutembea. Mwisho kabisa akashuka baba yake. Koti la kazi, kichwa wazi. Akasimama juani akiangalia barabara ya Dongobesh, ya kuja kwetu, kisha akageukia alikotoka, kisha Dongobesh tena, kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa. Imakulata akaita, "Baba!"

"Aligeuka, mama. Aliniangalia kama ninavyoangalia mgonjwa nisiyemjua." Shuka likamwanguka. Alipoinama na kuinuka, hayupo.

Akamkimbilia kondakta. "Yule mzee asiye na kofia? Huyo ni wetu," kondakta akamwambia. "Siku nyingine anaelekea huku, siku nyingine kule. Hasemi anashuka wapi. Nauli hatumwulizi. Kile kiti akishakaa, abiria mwingine hakai, wanasema kina baridi."

Ndugu yangu, hakumtambua mtoto wake. Yule aliyembeba mabegani kwenda kubatizwa! Alipokuwa akija mlangoni kwangu alikuwa amechoka, lakini alijua anakuja wapi.

Nimefanya nini?

Kornelia


Balangdalalu
12 Agosti 1984

Mama Imakulata, shikamoo.

Nimeifungua. Chai yetu ni maziwa matupu, haichemki kwa karatasi.

Huku pia ameonekana. Sebastiani, dereva aliyepewa trekta lake, sasa yuko kwenye kombaini, wanavuna. Mchana kweupe alimwona mtu katikati ya ngano, amempa mgongo. Alipiga honi. Akazima injini, akashuka kwa matusi. Hakuna mtu, na ngano imesimama wima, haijakanyagwa hata bua moja. Sebastiani ni mbishi, lakini tangu siku ile kombaini lake nalo lina usukani mbovu pale pale kwenye kona.

Nilimuuliza mama yangu. Alisema hivi: "Tulimwita mgeni, alipofika uani tukafunga mlango. Bung'eda isiyofungwa ni nyumba isiyo na paa. Hawezi kulala ndani, na hawezi kusema hana nyumba."

Nikamuuliza, kwa nini alikuwa anachukua udongo? Akacheka, akasema mimi sijui wanaume. "Alikuwa anajengewa nyumba, mke hajaiona. Alikuwa anampelekea aione."

Siku ya kufunga, udongo wa juu kabisa unawekwa na mtu wa nyumbani kwake. Tulidhani tutaweka sisi. Mama anasema hapana, ni mke. Na udongo wenyewe ni ule ulioko kwako, aliobeba yeye. Mwingine hautashika.

Inatakiwa kabla ya mvua. Mvua ikiikuta iko wazi itayeyuka, kofia itatoka, na hapo mama anasema hajui tena la kufanya.

Mzee Gidahosh amekubali. Uamuzi ni wako, hatutaimba mpaka useme. Ila nikuambie na lile nisilopenda kulisema. Ikifungwa, atalala. Mlangoni kwako hatakuja tena.

Gidabuday


Tlawi
2 Septemba 1984

Ndugu Gidabuday,

Tumsifu Yesu Kristo.

Hii ni barua ya pili. Ya kwanza niliichana. Nilikuwa nimekuomba muimbe tena, lakini msifunge. Yaani muimbe tu, aikumbuke njia, arudi kuja mlangoni kama mwanzo, na mimi niendelee na beseni langu. Niliiandika vizuri, kwa maneno matamu. Nikafika kwenye kusaini, mkono ukagoma.

Nikamwita Efrazia, nikamfunulia debe, nikamwambia yote. Nilitegemea atacheka, au atapiga ishara ya msalaba akimbie. Akachota udongo, akanusa.

"Mguu wake ule mbovu, ulikuwa unamuuma akiwa hai?"

"Sana. Hasa akitembea."

"Na sasa unataka atembee mpaka lini? Kwa sababu wewe unapenda kuosha?"

Nilimchukia siku nzima. Jioni nikampelekea maharage.

Kwa Padri nilikwenda nikijua atanifukuza. Alinisikiliza huku akiangalia mikono yake. Kisha akasema, "Mama Kornelia, kuzika wafu ni tendo la huruma. Sijasoma mahali palipoandikwa kwamba ni mara moja tu." Akanisindikiza mpaka nje. Pale mlangoni akasema sadaka yangu ya misa ya shukrani ataibadilisha iwe ya safari.

Nakuja. Waambie wanawake waimbe. Nitashuka Balangdalalu na debe langu, na nitakujua kwa fimbo yako. Usinicheke nikilia njiani. Nalileta hilo debe kama mtu anayepeleka mtoto wake aozwe.

Kornelia


Tlawi
14 Oktoba 1984

Shemeji Gidabuday,

Tumsifu Yesu Kristo. Umeona nilivyoanza. Sasa unaweza kuniandika hivyo na wewe.

Nimefika salama. Sikuweza kukuambia pale mbele ya watu, lakini wakati wa kuja kwenu, kwenye basi, nilibishana na kondakta kwa ajili ya debe. "Mama, unahamisha mlima?" Nikalipakata. Watu walisimama mpaka mlangoni, wengine na watoto mgongoni, na kiti cha pembeni yangu hakuna aliyekikalia mpaka mwisho wa safari. Niliweka mkono pale. Sitasema zaidi ya hapo.

Mama yako mwambie namkumbuka. Nilipofika na vumbi la safari, akanikalisha, akaniosha miguu bila kuniuliza, mimi niliyewakatalia. Ndipo nikajua ilivyo kukaa upande ule wa beseni. Maskini Nikolausi, kumbe alikuwa anapata raha namna hii, na mimi nikidhani raha ni yangu.

Na udongo, wewe uliona. Haukubaki, haukupungua. Nilipoubandika kwa viganja ulikuwa bado mbichi, miezi yote ile kwenye debe. Nilisali Baba Yetu, mama yako akasema ya kwake kwa Kibarabaigi, na tukamaliza pamoja. Nilipoinama kuweka majani nilisema neno, ukaniuliza baadaye nimesema nini, nikakuambia ni sala. Haikuwa sala. Nilimwambia, "Ingia sasa. Ingia hivyo hivyo na miguu yako, sikukatazi tena."

Kofia ibaki. Nilitaka asipate baridi, na sasa hapati.

Mlango wangu ni safi. Wekundu mtupu. Beseni nimelifunika juu ya debe tupu. Imakulata anasema kondakta amemwambia kiti kimepata joto, abiria wanakigombania. Hayo ni mema, nami namshukuru Mungu, ingawa asubuhi sina haraka nayo tena. Nalala mapema siku hizi, na naamka nimechoka, magoti yanauma kama niliyepalilia shamba la mtu. Ni umri. Efrazia anasema nile nyama.

Shemeji yako,
Kornelia


Balangdalalu
4 Novemba 1984

Shemeji, shikamoo.

Mvua ya kwanza imenyesha. Bung'eda imeshika, imekuwa ngumu kama mgongo wa dume, na majani yameota utosini. Amelala. Hakuna aliyemwona tena, si kwenye ngano, si barabarani. Sebastiani anapita pale anavua kofia yake, akidhani simwoni.

Sasa kuna jambo. Nilitaka kulinyamazia, mama yangu amekataa.

Asubuhi akienda kukamua anakuta udongo mwekundu chini ya bung'eda. Mwekundu kabisa. Hapa hakuna udongo huo, unaujua ulipo. Mwanzo tulidhani ulianguka kwenye nguo zako siku ile. Mvua iliuosha. Kesho yake ukawepo tena.

Na kuna nyayo. Ndogo, za miguu mitupu, za mwanamke. Kidole cha mwisho cha kushoto kimepanda juu ya mwenzake. Mimi sikuzitambua. Mama alichuchumaa akaziangalia, akasema, "Mguu huu nimeuosha."

Zinakuja tu. Zinazunguka bung'eda, zinafika upande ule alipokuwa ameegemea, zinakaa hapo. Za kuondoka hatuzioni.

Mama anauliza, afagie au aache?

Shemeji, u mzima?

Gidabuday


Tlawi
18 Novemba 1984

Shemeji,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni mzima.

Barua yako nimeisomea kizingitini, asubuhi, kabla ya kunawa. Nilipofika kwenye kile kidole nikaangalia miguu yangu. Jana niliiosha kabla ya kulala, kama kila siku. Kati ya vidole kuna udongo mweusi, na umeshikwa na jani moja bichi.

Imakulata msimwambie kitu, ana kazi nyingi. Padri nitamwambia mwenyewe, nitafute maneno kwanza.

Mama asifagie.

Na kama si kumsumbua, aniwekee beseni pale chini. Maji yawe ya uvuguvugu. Asubuhi mbugani kuna baridi kuliko ninyi mnavyokubali, na mimi sitaki kumwingilia Nikolausi nyumbani kwake na miguu michafu.

Shemeji yako,
Kornelia